Nusu ya Shada

Bonface alifika dukani kwetu Migori siku ya Ijumaa saa saba mchana, na kabla hajasema neno nilijua kwamba mama yake, aliyekuwa akiugua mwezi mzima, amekufa. Nilijua kwa sababu hakutania. Kwa miaka miwili hakuwahi kuvuka kizingiti chetu bila utani. Angesimama mlangoni, avue kofia, aseme, "Hodi kwa fundi wa makaratasi! Leo umemkata nani?" Siku hiyo aliingia kimya, akasimama mbele ya meza yangu, na mikono yake haikujua iende wapi.

"Lini?" nikamwuliza.

"Jumatano alfajiri."

"Jumatano? Na leo ndiyo—"

"Ningekuambiaje, Nyanchoka? Nyumbani hakuna simu, na barua ingefika baada ya mazishi. Wazee wamesema azikwe kesho. Nimewaacha waombolezaji nikakufuata mwenyewe."

Niliweka chini kadi niliyokuwa nikiipamba. Nilitaka kumshika mkono, lakini baba yangu alikuwa upande wa pili wa duka, akimpimia mteja kitambaa cha sare ya shule, na fimbo yake ya kupimia ilikuwa imesimama hewani. Alikuwa amesikia.

Duka lilikuwa la baba, Mzee Mokua, aliyetoka Kisii akaja Migori kabla mimi sijazaliwa. Kona ya dirishani ndiyo ilikuwa yangu. Tangu utotoni sikuweza kuona karatasi ikitupwa. Pakiti za sukari, kalenda za mwaka uliopita, magazeti ya kufungia nyama, yote niliyakata yakawa nyota na ndege, hata mama yangu, Milka, akawa hafungui Biblia yake bila kitu kumwangukia mapajani. Nilipomaliza kidato cha nne, mchezo huo ukawa kazi. Nilitengeneza kadi za heri ya mtihani, minyororo ya rangi ya harusi, na mashada ya mazishi. Bonface alikuwa mwalimu aliyepangiwa shule moja hapo Migori, na mara ya kwanza aliponunua kadi alitaka arobaini, moja kwa kila mwanafunzi wake wa darasa la nane, na hakutaka mbili zifanane. Nilimwona ni mtu msumbufu. Baadaye alihamishiwa kwao Homa Bay, lakini akaendelea kuja, mwezi baada ya mwezi, akidai amekosa karatasi ya manila huko kwao, kana kwamba mji mzima haukuwa na duka la vitabu.

"Mama alikuachia neno," Bonface akasema kwa sauti ya chini. "Alisema, 'Mkumbushe Nyar Kisii aliniahidi nini.'"

Hakuhitaji kunikumbusha. Nyar Kisii, binti wa Kisii, ndilo jina alilonipa mama yake. Aliuza samaki wa kukaanga karibu na gati ya Homa Bay, na wanaume waliokuja kula kwake hawakuruhusiwa kutupa pakiti zao tupu za sigara. Alichukua zile karatasi za fedha za ndani, akazinyoosha kwa kidole gumba, akanitunzia. Siku moja nilimpelekea waridi la karatasi, jeupe, akalishika kwa vidole viwili kwa sababu vilikuwa na mafuta, akacheka mpaka akakohoa.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "mimi nikifa msiniletee maua ya shambani. Mbuzi watayala kabla pasta hajamaliza kuomba. Nitengenezee haya yako. Na uyalete mwenyewe! Usimtume huyu mwalimu, atayakalia njiani."

"Nitayaleta mwenyewe, Mama."

"Haya. Nimesikia, na samaki wamesikia."

Nilianza kulia hapo mezani. Bonface akainama.

"Sikiliza, sina muda wa kulia sasa. Kesho mwendesha shughuli atawaita watu walete mashada, kundi baada ya kundi. Ndugu wa marehemu. Wajukuu. Halafu ataita mkaza mwana, mke wa mwana wa marehemu. Mimi sina ndugu wa kiume. Nataka usimame wewe."

Hivyo ndivyo alivyoniposa. Hakuwahi kusema kwa namna nyingine. Kwao, mwanamke akisimama hapo na shada, mbele ya ukoo na majirani, amekwisha kuonekana. Hakuna anayekuja baadaye kumwuliza yeye ni nani.

"Baba yako mdogo amesemaje?"

Alitazama pembeni. Baba yake mdogo hakunitaka. Alikuwa amesema waziwazi kwamba msichana wa Kisii, tena wa Sabato, atawafanya wale mboga Jumamosi na kuwaacha waende kanisani peke yao Jumapili.

"Amesema kama hakuna wa kusimama, Mourine atasimama."

Mourine nilimfahamu kwa jina. Alikuwa binti wa jirani yao, ndiye aliyemuuguza mama yake Bonface mwezi ule wa mwisho.

"Tata," nikaita, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu. "Mama yake Bonface amefariki. Mazishi ni kesho."

Baba akaja polepole, akampa Bonface mkono. "Pole sana, mwalimu. Pole. Alikuwa mama mwenye ucheshi." Kisha akanigeukia. "Lakini kesho ni Sabato."

"Najua, Tata."

"Unajua. Basi unauliza nini?"

Mama yangu alitokea nyuma ya pazia akiwa na mikono yenye unga. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. "Anauliza kama wewe ni baba au ni mlinzi wa lango," akasema. "Mokua, kuzika si biashara. Hata Jumamosi watu hufa."

"Milka, mimi sikumzika ndugu yangu Gichana kwa sababu ya siku hii. Walimpeleka kaburini Jumamosi nami nikiwa kanisani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nakumbuka pia kwamba mpaka leo ukitajiwa jina lake huli chakula."

Mteja wa sare alikuwa amesahau kwamba amekuja kununua. Baba aliuendea ukuta, akaweka kidole kwenye kalenda ya kanisa, ile inayoonyesha dakika ya jua kutua kila Ijumaa ya mwaka.

"Leo ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane," akasema bila kugeuka. "Gari linaloondoka saa kumi litafika Homa Bay kabla ya hapo. Hata la saa kumi na nusu, likiharakisha. Mzee wa kanisa wa huko, Nyakundi, namjua, atampa mahali pa kulala. Kutoka kwake hadi kwenu ni mwendo wa miguu. Kesho baada ya ibada atatembea kwenda kumzika mama. Hilo ni jambo la huruma, sitamzuia." Akanitazama. "Lakini jua likitua hugusi mkasi, na hupandi gari. Umenielewa?"

Sikuamini. Miaka miwili nilikuwa nikimwogopa mtu huyu, na sasa alikuwa amefungua mlango mwenyewe.

"Nimeelewa, Tata."

"Asante, Mzee," Bonface akasema.

Niliwasha jiko, nikaweka sufuria kuukuu yenye nta ya mishumaa. Mashada yangu sikuyatengeneza kama wengine. Nilifanya nusu mbili za waya, kila moja kama mwezi mchanga, na kuziunga pale pale kaburini, ili yasipondeke safarini. Na kila petali ya krepu, ile karatasi laini yenye mikunjo, niliichovya kwenye nta, moja moja, nikaining'iniza ikauke. Krepu isiyo na nta ikinyeshewa hutoa rangi, na asubuhi shada zima huwa tope la zambarau juu ya kaburi. Yangu yalivumilia mvua. Watu walitoka hata Kehancha kuyatafuta kwa sababu hiyo.

Bonface alivuta kiti, akawa ananikatia waya. Kwa saa mbili tulikaa hivyo, magoti yakigusana chini ya meza, na ninaona haya kusema, lakini nilikuwa na furaha. Mama yake amelala ndani ya sanduku, nami nina furaha.

"Alikuwa anakutaja kila siku," Bonface akasema. "Hata siku ile ya mwisho aliniuliza kama unajua kupara samaki."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unajua kuwachora."

Nilicheka na kulia pamoja, nikaunguza kidole kwenye nta. Alikishika kile kidole, akakipuliza, akakaa nacho mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yetu yalikutana, na nikasahau kwamba baba yangu yuko hatua sita kutoka hapo.

Saa kumi ilipogonga, nusu ya kwanza ilikuwa tayari: mawaridi kumi na mawili, meupe na ya zambarau, na katikati ya kila moja kipande cha ile karatasi ya fedha aliyonitunzia mama yake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nusu ya pili ilikuwa na waya tupu na maua matatu.

Bonface akasimama. "Twende."

"Bado."

"Nyanchoka, gari."

"Lipo la saa kumi na nusu. Nipe nusu saa."

"Basi acha nta. Bandika hivyo hivyo, twende."

"Mvua ikinyesha?"

"Inyeshe!"

"Bonface, ni shada la Mama. Nilimwahidi. Siwezi kumpelekea kitu kitakachooza siku moja."

Alikaa tena, lakini hakuchukua waya. Alikuwa akitazama mikono yangu, na mimi nikaichovya petali, nikaitoa, nikaining'iniza. Nikachukua nyingine. Nta haikubali kuharakishwa. Ukiitoa mapema inafanya mabonge, nami sikuwahi kutoa kazi yenye mabonge.

Saa kumi na dakika ishirini na tano akasimama kwa mara ya pili. Alichukua ile nusu iliyokamilika, akaiinua.

"Hii inatosha. Sikia, hii peke yake inatosha. Twende nayo."

"Nusu?"

"Nusu. Nani atahesabu maua?"

"Siwezi kwenda kusimama mbele ya ukoo wenu na nusu ya shada, Bonface. Baba yako mdogo atasema nini? Atasema hata maua ya bure tumeyapunja."

"Atasema hayo hata ukileta gari zima la maua. Mimi sikuja kufuata maua. Nimekufuata wewe."

Ningeliyasikia maneno hayo kama yalivyosemwa, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye petali. "Dakika kumi," nikasema. "Dereva huyo huchelewa kila siku."

Siku hiyo hakuchelewa. Tulisikia honi yake ikipita.

Baba alipofika kwenye kona yetu saa kumi na moja alitukuta hivyo, Bonface amesimama dirishani, mimi nimeinama juu ya sufuria.

"Mbona bado mko hapa?"

Baba alitazama shada, akatazama saa, akanitazama mimi. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mlango ulikuwa wazi, mwanangu," akasema. Akarudi kwenye vitambaa vyake.

Niliendelea kufanya kazi. Sijui nilidhani nini. Labda nilidhani nikilimaliza tu, kitu kitatokea, kwamba shada zuri kiasi hicho haliwezi kukosa njia. Anga lilikuwa limefunga mawingu na jua halikuonekana. Yalibaki maua sita, kisha matano. Baba akafunika cherehani. Mama akaleta maji ya kunawa, akaweka mkeka wa maombi ya kufungua Sabato. Kisha baba akasimama kando ya kalenda na saa yake ya mkononi, akasubiri.

"Sasa," akasema.

Nilikuwa nimeshika mkasi.

"Malizia," Bonface akasema. "Malizia, nitatafuta lori, nitatafuta baiskeli, tutaondoka. Wala halijatua. Hakuna anayeliona jua! Nyinyi mnaamini karatasi ya ukutani kuliko macho yenu?"

"Mwalimu," baba akasema taratibu.

"Samahani, Mzee. Siongei na wewe. Naongea naye." Akapiga magoti mbele ya meza yangu, mbele ya wazazi wangu. "Nyanchoka. Uliambiwa saa kumi. Ukaambiwa saa kumi na nusu. Baba yako alikuruhusu, mimi nilikubembeleza. Sasa amua jambo moja tu kwa haraka, kwa mara ya kwanza maishani mwako. Unakuja?"

Mpaka leo watu wa kwetu wanadhani nilimtii Mungu, na waliosikia upande wa Homa Bay wanadhani nilimwogopa baba. Ukweli siujui. Najua tu kwamba mkono wangu uliuweka mkasi mezani, na ulipofanya hivyo mimi nilikuwa nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Nitakuja Jumapili," nikasema. "Alfajiri. Na nusu hii itakuwa tayari. Tutaziunga pale pale."

Bonface akasimama, akapangusa magoti.

"Jumapili," akasema. "Mama atakuwa amekusubiri sana."

Alichukua ile nusu iliyokamilika, akaifunga kwa gazeti, akaiweka kwapani. Mlangoni aliwaaga wazazi wangu kwa heshima, mmoja mmoja. Mimi hakuniaga. Nilimtazama akienda hadi akakata kona ya posho mill, pale wanaposaga unga, na hakugeuka.

Jumamosi nilikaa kanisani kando ya mama yangu. Vidole vyangu vilikuwa bado na nta chini ya kucha. Saa nane mchana ndiyo saa waliyopanga kumshusha. Kwaya ilikuwa ikiimba, nami nikawa nasikia kipaza sauti cha mahali pengine, kikiita ndugu, kikiita wajukuu. Nilijikuta nimesimama. Watu wote walikuwa wameketi. Mama akanivuta sketi.

"Keti, mwanangu," akaninong'oneza. "Keti. Hapa si pale."

Jua lilipotua jioni ile, aliyewasha taa ni baba. Aliileta mwenyewe hadi kwenye kona yangu, akaiweka mezani, akavuta kiti alichokalia Bonface.

"Sabato imekwisha," akasema. "Nishike wapi?"

"Hapa, Tata. Kwenye waya."

Alishika. Tulimaliza maua matano yaliyobaki, naye hakuniharakisha. Tulipofika la mwisho akasema, akitazama mikono yake, "Nilipokosa kumzika Gichana, nilikwenda Jumatatu. Udongo ulikuwa umeshaota nyufa."

Nilifika kwa akina Bonface Jumapili kabla ya saa nne. Nyumba yao iko chini ya kilima cha Asego, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Wanawake walikuwa uani wakisugua masufuria makubwa. Msichana mmoja mwembamba aliniona nikiwa na shada langu ndani ya gazeti, akaacha kazi, akanijia akipangusa mikono kwenye leso. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Karibu, dada. Wewe ndiye Nyanchoka wa maua."

"Ndimi. Na wewe ni—"

"Mourine. Pole kwa safari. Keti kwanza unywe chai."

Nilitaka kumchukia. Lakini alinipa kiti kilichokuwa kikavu, akasimama mwenyewe matopeni.

"Naomba unisamehe kitu," akasema. "Ile nusu yenu, mimi ndiye niliyeigusa. Watu waliiona wakauliza imevunjikia wapi. Basi nikaipinda kidogo."

Sikuelewa alichosema hadi nilipolifikia kaburi.

Bonface alikuwa ameketi kando yake juu ya jiwe. Alikuwa amenyoa nywele. Aliponiona akainuka, na kwa nukta moja tu uso wake ukawa ule wa zamani, wa mlangoni kwetu. Kisha ukajifunga.

"Umekuja."

"Nilisema nitakuja."

"Ndiyo. Ulisema."

Nilisoma jina la mama yake msalabani. Nikapiga magoti kwenye udongo mbichi nikamwambia nilichokuja kumwambia, na hilo sitaliandika hapa. Niliponyanyua kichwa nikamwuliza, "Waliita mara ngapi?"

"Nyanchoka, acha."

"Niambie. Mara ngapi?"

"Mara tatu. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Mara ya pili mwendesha shughuli alidhani kipaza sauti kimeharibika, akakigonga. 'Mkaza mwana wa marehemu, tafadhali, alete shada.' Mara ya tatu wakaanza kugeuza shingo. Shangazi mmoja akacheka. Nilikuwa nimesimama na nusu ya shada kama mtu aliyeiba. Mourine akainuka. Hakutumwa na baba mdogo, usidhani hivyo. Alikuwa jikoni. Alitoka na aproni yake, akaja, akaishika ile waya, akaipinda kwa mikono mpaka ncha zikakutana. Damu ikamtoka. Akashika upande mmoja, mimi nikashika mwingine. Tukaliweka."

"Unampenda?"

"Usiniulize hilo mbele ya mama."

"Basi nitamwuliza nani?"

"Wewe unajua nimpendaye. Ulijua Ijumaa nilipopiga magoti mbele ya baba yako. Lakini huyu amesimama mbele ya watu wote ili mama yangu asichekwe. Wamemwona. Leo asubuhi wanawake wameshaanza kumwita kwa jina la nyumba hii. Nikimwambia sasa, asante, rudi kwenu, mwenyewe amefika, nitakuwa nimemfanya nini?"

Angekuwa mtu wa kuweza kumfanyia msichana yule hivyo, nisingempenda.

Nikalifungua gazeti. Nilitoa nusu yangu, nikainama kuiunganisha na ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipoona. Mawaridi yangu kumi na mawili yalikuwa pale kaburini, hayajatoa rangi hata tone, maji ya mvua yakiwa yamesimama juu ya nta kama shanga. Lakini hayakuwa tena nusu. Mourine alikuwa ameyakunja yakawa duara dogo, lililofunga sawasawa, ncha imeingizwa ndani ya ncha. Nililizungusha kwa kidole. Nikalizungusha tena. Hapakuwa na mahali pa kuunga.

"Unaweza kuliweka kando yake," Bonface akasema kwa upole.

"Hapana."

Aliingia ndani, akarudi na mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo uliofunikwa. "Huu ni wako. Alisema nisimpe mtu mwingine."

Sikuufungua mbele yake. Nilijua kilichomo kwa uzito wake, maana haukuwa na uzito. Alinyoosha mkono kunisaidia kuinuka, na nilipokwisha kusimama hatukuachana mara moja. Uani masufuria yalinyamaza. Kisha Mourine akaita kutoka jikoni, bila hasira, "Bonface, chai ya mgeni inapoa," naye akauachia mkono wangu.

Katika mkebe ule nimetumia karatasi za fedha tatu tu, na kila moja najua ilikwenda kwenye ua gani. Nusu yangu ya shada iko ukutani dukani, chini ya kalenda ya kanisa. Ijumaa baba akija kutazama saa ya jua kutua, macho yake hulipitia hilo kwanza, na hajawahi kuniambia nilitoe.

Mara moja tu nililiteremsha. Nilikuwa peke yangu. Niliishika waya kwa mikono miwili nikaipinda, nikitaka kujua tu kama ingewezekana Ijumaa ile. Ilikubali. Haikuchukua hata dakika moja. Mawaridi yakasogeleana, ncha ikaikuta ncha, na likawa duara dogo zuri ambalo hakuna mtu angeuliza limevunjikia wapi.

Nikalinyoosha tena likawa nusu, nikalirudisha ukutani.